Singo si pipa moja: jibu kwa muuza vinywaji wa Nakuru

Swali lilinifikia hivi, nimelipunguza kidogo tu:

"Mzee, habari za Kisumu? Nina miezi mitatu katika duka la vinywaji hapa Nakuru, Section 58. Juzi mteja alinirudishia chupa ya singo molti akifoka. Amesoma kwamba ndani yake wamechanganya mapipa mengi, na kwa akili yake singo ni moja, basi nimemuuzia uongo. Sikuwa na la kumjibu. Pia tuna chupa ya miaka 12 iliyokaa rafuni tangu 2019. Je, sasa si imekuwa ya miaka 18, tupandishe bei? Na mjomba wangu wa Kakamega ananicheka: wiski yote, anasema, ni chang'aa iliyopakwa rangi. Nifundishe maneno haya ya watengenezaji, nisiendelee kuaibika."

Kijana wangu, nianze na mjomba, maana kati yenu watatu yeye ndiye aliyeukaribia ukweli. Wiski inapotoka mtamboni haina rangi. Ni nyeupe kama maji ya mvua, inachoma pua, na ukiiweka kwenye glasi kando ya chang'aa safi ya huko kwao, macho peke yake hayatakusaidia kujua ipi ni ipi. Mjomba ameruka tu hatua za katikati. Kati ya kile kioevu cheupe na jina la wiski kuna sheria, kuna mti, na kuna miaka ya kungoja. Tutafika huko.

Kabla ya hapo shika jambo moja. Maneno ya kwenye chupa ni mafungu mawili. Kuna maneno yenye sheria nyuma yake, ambayo mtengenezaji akiyaandika kwa uongo anaweza kupelekwa mahakamani. Na kuna maneno ya mapambo, ambayo hata mimi nikijaza chupa maji ya Ziwa Victoria naweza kuyabandika na hakuna askari atakayenigonga mlango. Muuzaji anayetofautisha mafungu hayo haaibiki mbele ya mteja. Nitayaandika kwa tahajia ya tunavyoyatamka dukani. Ukiyaona kwenye lebo utayatambua.

Mimi nilifanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda kinachotengeneza spiriti ya molasi, huku ukanda wa miwa. Lakini somo la kwanza la molti sikulipata maabara. Nililipata Vihiga, jikoni kwa nyanya yangu, aliyekuwa mpika busaa.

Nyanya aliloweka wimbi kwenye gunia, akaliacha gizani mpaka likatoa vijimizizi vyeupe, kisha akalianika juani na kulisaga. Unga ule tuliuita kimera. Kiswahili cha vitabuni ni kimea. Hiyo ndiyo molti. Nafaka yoyote ukiiotesha kidogo, halafu ukaikausha kabla chipukizi halijaimaliza, umepata molti. Waskoti wanafanya hivyo kwa shayiri, ile ile inayolimwa Mau Narok na Molo, si mbali na duka lako. Sababu ni moja kote kuwili. Mbegu inapoamka inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga uwe sukari, ili mmea mchanga upate chakula. Mpishi anauwahi mmea na kumwibia chakula hicho, kisha anampa hamira. Hamira haijui kula wanga, inakula sukari. Ndiyo maana busaa ya unga wa mahindi haifanyiki bila kimera: mahindi yanatoa wanga, wimbi lililoota linatoa mkasi.

Kimea cha shayiri kikisagwa kinatiwa maji ya moto, yale maji matamu yanachujwa, yanapozwa, yanatiwa hamira. Siku mbili tatu baadaye yamekuwa aina ya bia, bila hopsi, yale maua ya kuitia bia uchungu, yenye alkoholi ya asilimia 8 hivi. Watu wa viwandani wanaiita woshi. Sisi tuna neno letu, na mjomba wako analijua vizuri kuliko wewe: kangara. Kangara ya kwetu mara nyingi ni ya sukari nguru na kimera, ya Scotland ni ya shayiri, lakini kazi ni hiyo hiyo, na anayekuambia kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi huu hajawahi kukaa karibu na pipa linalotokota.

Sasa moto. Kukeneka ni kuchemsha kangara, kuukamata mvuke na kuupoza urudi kuwa kioevu. Alkoholi inachemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100. (Hiyo ni pwani. Hapa Kisumu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na kwenu Nakuru mapema zaidi. Kwa hiyo sote hapa bara tunapika kwa punguzo.) Basi mvuke wa mwanzo unabeba alkoholi kwa kiwango kikubwa kuliko kilichomo kwenye kangara. Wapishi wa vijijini huweka sufuria ndogo ndani ya chombo kikubwa na karai la maji baridi juu yake. Mvuke unagonga tako la karai, unapoa, unadondoka sufuriani. Kule Scotland chombo ni mtungi mkubwa wa shaba wenye shingo ndefu, nao huitwa poti stili. Shaba haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Inakamata harufu za salfa, zile za mayai viza, ambazo hamira huziacha nyuma. Wanakeneka mara mbili: mara ya kwanza wanapata kioevu hafifu cha asilimia 20 na kitu, mara ya pili spiriti ya karibu asilimia 70. Waayalandi wengi wanarudia mara ya tatu. Ukiona chupa inajivunia kukenekwa mara tatu, hilo ni jambo la kweli lakini ni mtindo, kama mtu apendaye chai iliyochujwa mara mbili. Usimwambie mteja kwamba tatu inashinda mbili.

Mtambo wa pili ni mnara. Aeneas Coffey, Mwayalandi aliyewahi kuwa afisa wa ushuru kabla ya kuhamia upande wa watengenezaji, alipata hataza yake 1830. Kangara inaingia kutoka juu, mvuke wa moto unapanda kutoka chini, vinakutana kwenye sahani nyingi zilizopangwa ndani ya mnara, na kazi haisimami usiku wala mchana. Mnara wa aina hiyo ndio niliokuwa nikiupimia sampuli, na ndio unaotumika Muhoroni na hapa Kisumu kugeuza molasi kuwa spiriti. Ukitaka, unakupa spiriti ya asilimia 96, iliyo kavu kabisa, isiyokumbuka kama ilizaliwa na muwa, mahindi au mtama. Ipunguze kwa maji uwe na vodka. Ikeneke na matunda ya juniperi uwe na jini. Lakini wiski hairuhusiwi kusahau kwao. Sheria ya Scotland inataka spiriti itoke chini ya asilimia 94.8, ili harufu ya nafaka ibaki. Wamarekani ni wakali zaidi kwa baboni, wiski yao ya mahindi: mwisho asilimia 80.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna maneno ambayo yakieleweka vibaya yanaua.

Mpishi anapokeneka mara ya mwisho hachukui kila kitu. Kinachotoka mwanzo kinaitwa kichwa, na kinanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kinachofuata ni moyo, ndio unaowekwa. Mwishoni unakuja mkia, mzito, wenye mafuta, wa harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Kuamua wakati wa kuacha kichwa na kuushika moyo, kisha wakati wa kuuacha moyo, ndiko kunaitwa kukata, na ndiko kunakotofautisha kiwanda na kiwanda kuliko maji ya chemchemi wanayoyasifia kwenye matangazo. Kichwa na mkia havimwagwi. Vinarudishwa kwenye mpiko unaofuata.

Sasa mitaani kuna imani kwamba methanoli, ile sumu inayopofusha, yote hukaa kichwani, kwa hiyo aliyemwaga kikombe cha kwanza amemwaga kifo. Si kweli. Methanoli ikiwa pekee yake huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, lakini ikichanganyika na maji na alkoholi ya kawaida inatoka kidogo kidogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tena nafaka na sukari nguru zikichacha hutoa methanoli kidogo mno. Inayotoa zaidi ni pektini ya matunda. Waliokufa Nairobi Novemba 2000, zaidi ya watu 100, na makumi waliokufa katika kaunti kadhaa Mei 2014, hawakuuawa na mpishi aliyesahau kumwaga kichwa. Walikunywa pombe iliyotiwa methanoli ya viwandani, ya kutengenezea rangi na dawa za kusafishia. Hiyo hata ukate kichwa mara kumi haitoki.

Na ule mtihani wa kiberiti, kwamba ikiwaka buluu ni safi, uache kabisa. Methanoli nayo inawaka buluu, tena mchana moto wake hauonekani vizuri. Kiberiti kinakuambia tu kwamba kuna kitu kinachowaka. Mimi niliyekuwa na mashine ya gasi kromatografia, inayotenganisha na kupima kilichomo, nilikuwa nikijua. Bila mashine ningekuwa nikibahatisha kama wewe. Mteja akikuambia macho yamefunga ukungu, tumbo linamkata na anatapika, hata kama alikunywa jana yake, mwambie aende hospitali saa hiyo hiyo. Sumu hii huchelewa kujionyesha, na hospitalini kuna dawa ya kuizuia ikiwahiwa.

Mwambie mjomba pia kwamba tangu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ile marufuku ya chang'aa ya 1980 iliondolewa. Chang'aa si haramu kwa jina lake. Haramu ni kuipika bila leseni na bila kufikia viwango.

Turudi dukani, kwa mteja wako mwenye hasira. Neno singo linahesabu viwanda. Halihesabu mapipa. Kanuni za Wiski ya Scotland za 2009 zinasema singo molti ni wiski ya kiwanda kimoja, ya shayiri iliyooteshwa bila nafaka nyingine, iliyokenekwa kwa poti stili. Ndani ya chupa moja mnaweza kuwa na mapipa mia mbili ya miaka tofauti, mradi yote yametoka kwenye kiwanda hicho. Mweleze kwa chai. Kiwanda cha Mudete, kule kwetu Vihiga, kinapokea majani kutoka mashamba maelfu, lakini kinachotoka pale ni chai ya Mudete. Hiyo ni singo. Pakiti anayonunua supamaketi imechanganywa chai za viwanda vingi ili mwezi huu na mwezi ujao ladha iwe ile ile. Hiyo ni blendi. Akitaka pipa moja hasa, zipo chupa zinazotamka pipa moja, nyingi zina namba ya pipa na idadi ya chupa zilizojazwa, na bei yake itamtuliza hasira.

Ukishamtuliza, usimwonyeshe singo greni, atalipuka upya. Greni ni nafaka, na mtu yeyote mwenye akili angedhani ni nafaka moja. La. Ni kiwanda kimoja kilichotumia ngano au mahindi pamoja na shayiri, kwa kawaida kwenye mnara. Aliyechagua jina hilo hakuwafikiria wauza duka.

Kuna kisa hapa. Mwaka 2003 wenye singo molti ya Cardhu waliona mahitaji yamewazidi, wakaanza kuchanganya na molti za viwanda vingine, chupa ikabaki karibu vile vile, ila neno singo likabadilishwa kuwa pyua, yaani safi. Viwanda vingine vilipiga kelele, na mwishowe zile chupa ziliondolewa. Kanuni za 2009 zikapiga marufuku pyua molti kwa wiski ya Scotland. Siku hizi mchanganyiko wa molti za viwanda zaidi ya kimoja lazima uitwe blendedi molti. Ukikuta blendedi pekee, bila molti, ni molti na greni pamoja, na hiyo ndiyo wiski ya Scotland inayouzwa kwa wingi duniani.

Usiidharau blendi. Waliojenga biashara yake walikuwa watu wa kaunta kama wewe. Kule Scotland, John Walker alifungua duka la vyakula mjini Kilmarnock mwaka 1820. Ndugu wa Chivas walikuwa na duka Aberdeen. Wiski ya kiwanda kimoja siku zile ilibadilika pipa hadi pipa, leo tamu, kesho kali, na wateja walilalamika kama wako anavyolalamika. Sheria ya 1860 ikaruhusu kuchanganya molti na greni kabla ya kulipa ushuru, nao wakachanganya mpaka ladha ikasimama mahali pamoja. Nikikaribishwa mahali na nikaulizwa, mara nyingi nachagua blendi, hasa kama kuna nyama choma mezani.

Sasa ile chupa ya 2019. Ni ya miaka 12. Itakuwa ya miaka 12 siku ya kiyama. Miaka inayoandikwa ni ile iliyokaa ndani ya mti, na wiski ikiingia kwenye kioo saa yake inasimama. Tena namba hiyo ni ya kitinda mimba: wakichanganya mapipa ya miaka 30 na lita chache za miaka 12, chupa itasema 12. Scotland na Ayalandi haziruhusu kuiita wiski kabla ya miaka 3 pipani. Chupa isiyotaja miaka haijavunja sheria yoyote. Imeamua tu kunyamaza, mara nyingine kwa sababu nzuri, mara nyingi kwa sababu ya mhasibu. Bei unaweza kuipandisha kama bei ya sasa ya chupa hiyo imepanda. Namba usiiguse.

Ila iangalie kifuniko. Kama ni kizibo cha gome, chupa isimame wima na isipigwe jua la dirishani. Mimi nilipoanza kukusanya nilisoma mahali kwamba mvinyo hulazwa, nikazilaza zote, wiski nazo. Alkoholi kali ilikula vizibo taratibu. Nilikuja kugundua kwa harufu ya kabati, na chupa mbili zilikuwa zimebaki nusu.

Kuhusu mti wenyewe. Pipa la wiski ya Scotland ni la mwaloni, lisilozidi lita 700. Wamarekani wanalazimika kuweka baboni yao, ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi, kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani kwa moto. Umewahi kuona kibuyu cha mursik kikisuguliwa kwa kijinga cha moto kabla ya kutiwa maziwa? Ndilo wazo hilo: kaa linasafisha, na ukuta uliochomwa unatoa utamu na harufu. Pipa likishatumika mara moja haliwezi kubeba baboni tena, basi linauzwa, na wateja wakubwa ni Waskoti. Kwa lugha ya soko letu la Kibuye, wiski nyingi ya Scotland inalelewa kwenye mitumba. Mapipa mengine yanatoka Uhispania, yaliyokuwa na mvinyo wa sheri, nayo hutoa ladha ya zabibu kavu. Ukisoma finishi ya sheri, maana yake wiski ilikaa pipa jingine kwanza, kisha ikahamishiwa la sheri miezi au miaka ya mwisho. Watu wanaoonja hutumia neno finishi hilo hilo kwa ladha inayobaki kooni ukishameza. Usizichanganye.

Pipa linavuta pumzi. Scotland kila mwaka asilimia 2 hivi inapotea hewani, nao wanaiita fungu la malaika. Bengaluru, India, kunakotengenezwa wiski ya Amrut, hasara ni asilimia 10 au zaidi kwa mwaka. Piga hesabu ya pipa la lita 200 kwa miaka 12: kwa hasara ya asilimia 2 unabaki na lita 157 hivi, kwa asilimia 10 unabaki na 56. Ndiyo sababu wiski ya nchi za joto huuzwa ikiwa changa, na uchanga wake si aibu, kwani joto huisukuma ndani na nje ya mti kwa kasi. Ningeweka pipa hapa Kisumu, malaika wa ziwani wangeniachia harufu.

Moshi hautoki kwenye pipa. Wengi wanadhani hivyo. Unaingia mwanzoni, wakati kimea kinapokaushwa juu ya moto wa piti, ule udongo mweusi wa majani yaliyozama mabwawani maelfu ya miaka. Kisiwa cha Islay, kule Scotland, ndicho kinachojulikana zaidi kwa hilo. Mteja akiuliza ladha yake, mwambie samaki wa moshi aliyekutana na dawa ya hospitali. Atanunua au atakimbia, lakini hatakurudishia.

Rangi: hapo mjomba anapata alama zake. Mwaloni unatoa rangi kweli, lakini kanuni za Scotland zinaruhusu kuongeza karameli, E150a, ili chupa zote zifanane. Kwa hiyo wiski nyeusi zaidi si lazima iwe imekaa zaidi. Baboni inayoitwa streti haikubaliwi kutiwa rangi. Chupa nyingi zisizo na karameli hujitangaza zenyewe, na hilo ni neno la kuaminika.

Siku moja mteja atakuletea chupa iliyofanya ukungu baada ya kutiwa barafu, aseme ni feki. Si lazima iwe feki. Wiski yenye asilimia 46 au zaidi mara nyingi haichujwi kwa baridi kiwandani, na mafuta ya asili hugandamana ikipunguzwa au ikipozwa. Wapo wanaolipa zaidi kwa ajili ya ukungu huo.

Asilimia kwenye chupa ni sehemu ya alkoholi katika ujazo wote, na wiski ya Scotland haishuki chini ya 40. Prufu ni hesabu ya zamani. Ya Marekani ni rahisi, gawanya kwa mbili: prufu 100 ni asilimia 50. Ya Uingereza ilikuwa na fujo zake, prufu 100 ilikuwa asilimia 57 na kidogo. Ukiona maneno nguvu ya pipa, wamejaza bila kuipunguza kwa maji, inaweza kufika 60 na zaidi. Mshauri mteja aongeze maji mwenyewe, wala asione haya. Herufi e katika neno wiski kwa Kiingereza (whiskey badala ya whisky), inayowekwa na Waayalandi na Wamarekani wengi lakini si Waskoti, Wakanada wala Wajapani, ni desturi ya tahajia tu.

Mapambo sasa, na nitayapitia mbio: rizavu, spesho, premiamu, smuthi, iliyotengenezwa kwa mikono, ya kundi dogo. Kwa wiski ya Scotland hakuna lililo na kipimo cha kisheria. Kundi dogo la kiwanda kikubwa linaweza kujaza lori.

Neno ninalotaka ulitafute kwanza liko kwa herufi ndogo, mara nyingi nyuma ya chupa: spiriti yenye ladha ya wiski. Hiyo ni spiriti ya mnara, kama niliyokuwa naipima mimi, iliyotiwa ladha na karameli. Haijawahi kuona pipa. Ikiwa imelipiwa ushuru na kupimwa ni kinywaji halali, na bei yake inasema ukweli. Kosa ni kuipanga rafu moja na wiski. Hapo maneno ya mjomba ni sahihi neno kwa neno. Na kila mzigo ukiingia, skani stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya kodi, kwa programu ya Soma Label kabla hujapanga, kila kreti, hata kama dereva ana haraka.

Mteja wako mpe mfano wa chai. Kama muhuri wa chupa haujavunjwa, irudishe rafuni. Kama ameshaionja, muulize kwanza imepungua kiasi gani, maana mtu asiyependa kitu hamalizi nusu mzinga ndipo akumbuke kusoma.